Nguruzi kumi na moja

Niliwahi kuichelewesha meli siku nzima kwa sababu ya sahani ya pilau.

Nilikuwa na miaka 23, mwezi wa nne tangu nipate kibarua gudini, meli zinakokaushwa na kutengenezwa, hapa Mombasa, na siku hiyo nilikuwa nimepewa kazi nyepesi kuliko zote: kusugua vizibo. Matangi ya chini ya meli kila moja lina tundu tumboni, na tundu hilo lina kizibo cha shaba, kinene kama ngumi ya mtoto, chenye meno kama ya boliti. Meli ikishakaa mahali pakavu vizibo vinafunguliwa, maji machafu yaliyobaki yanachuruzika sakafuni, na fundi anaweza kuingia tangini bila kuogelea. Meli yetu ilikuwa ndogo, ya mizigo, mita 90 hivi. Ilikuwa na vizibo 11.

Babu yangu alikuwa fundi wa majahazi Matondoni, kisiwani Lamu, na kitu hicho kwake kina jina: nguruzi. Dau likipandishwa pwani linatolewa nguruzi ili maji ya mvua yasikae ngamani, chini kabisa ndani ya chombo. Siku ya kulishusha, kabla hata ya Bismillahi, mtoto mdogo kuliko wote pale ndiye anayeulizwa: "Nguruzi i wapi?" Swali hilo nimeulizwa tangu sijajua kusoma, kwa hiyo sina udhuru.

Pilau nitairudia.

Nikisema nilifanya kazi gudini, wengi hudhani meli huvutwa juu kwa winchi kama ngalawa. Vipo vifaa vya namna hiyo, na Mwanza kule ziwani wanasema chelezo, neno ambalo serikali nayo imelishika (babu angeshangaa, kwake chelezo ni boya). Gudi nililofanyia kazi mimi ni shimo. Shimo refu la zege kando ya maji, sakafu yake iko chini kuliko bahari, na upande mmoja lina geti.

Geti hilo ndilo lililonifanya niipende kazi. Ni kama meli isiyo na omo (mbele) wala tezi (nyuma), boksi la chuma lenye uwazi ndani. Likiwa tupu linaelea, linavutwa kando kwa kamba. Likitakiwa kufunga linarudishwa mlangoni, linajazwa maji tumboni, linazama na kukaa kwenye mfereji wake. Kisha pampu zinaanza kutoa maji ya ndani. Nilitafuta komeo siku ya kwanza, sikuliona. Hakuna komeo. Bahari yenyewe ndiyo inayolisukuma geti likabana kwenye mpira wake, na kadiri maji ya ndani yanavyopungua ndivyo bahari inavyozidi kukaza. Ukitaka kulifungua, hata ulete matingatinga 100 halitikisiki, mpaka maji ya ndani na ya nje yalingane.

Geti likishindwa, aliye chini hana pa kukimbilia. Dubai mwaka 2002 geti la gudi lilivunjika, bahari ikaingia watu wakiwa kazini, na zaidi ya 20 wakafa. Kibarua mpya kwetu alisimuliwa hilo asubuhi ya kwanza, kabla hajapewa ovaroli.

Sehemu kubwa ya kazi hufanywa meli ikiwa bado haijafika. Kila meli ina ramani yake ya gudi, mchoro unaoonyesha mkuku (uti wa mgongo wa meli) unapita wapi, mataruma (mbavu zake) na kuta za ndani ziko wapi, yako wapi matundu ya kuvutia maji ya bahari, viko wapi vile vizibo. Kwa mchoro huo bloki za kukalia meli zinapangwa sakafuni mstari mmoja mrefu, na nyingine mbavuni. Chini ni zege, katikati mbao ngumu, juu kabisa mbao laini. Nilidhani ile laini ni ubahili. Mzee mmoja akanionyesha kwa kidole: tumbo la meli halijanyooka kama meza, na penye uvimbe mdogo lazima kitu kibonyee. "Ama ubao, ama meli. Wewe ungechagua nini?"

Ukikosea bloki moja ikakaa chini ya kizibo, hicho hukifungui tena. Na penye bloki hapapakwi rangi, kwa hiyo meli hiyo hiyo ikirudi bloki lazima zihame kidogo, la sivyo kuna viraka vya chuma visivyoonja brashi miaka 10.

Meli inaingia maji yakijaa, kwa sababu mlango una kizingiti na tumbo lazima lipite juu yake. Meli nzito hungojea bamvua hasa, maji yakijaa kupita kawaida. Inavutwa kwa kamba polepole, inawekwa sawa juu ya mstari usioonekana, wapiga mbizi wanashuka kuangalia, geti linafungwa, pampu zinanguruma. Kibarua mpya hudhani meli kubwa ndiyo inayochosha pampu. Kumbe meli inayoelea imeyasukuma nje maji ya uzito wake, kwa hiyo ikiwa kubwa maji ya kutoa yanakuwa machache. Gudi tupu ndilo lenye kazi.

Halafu huja nusu saa ambayo hakuna anayeongea. Meli nyingi huingia tezi ikiwa imezama kidogo kuliko omo, kwa hiyo maji yakishuka tezi ndiyo inayogusa bloki kwanza, na kwingine kote bado kunaelea. Tangu hapo mpaka mkuku wote ulale, meli haiko majini wala haiko nchi kavu. Uzito unahama kidogo kidogo kutoka kwenye maji kwenda kwenye mbao, na ule ubao wa nyuma unaisukuma meli kutoka chini, ikipoteza ule utulivu wake wa kuelea. Iliyokuwa imeinama hata kidogo inaweza kulala ubavu. Ndiyo sababu nahodha hutakiwa ajaze matangi pomoni au ayaache matupu. Aliyewahi kubeba karai la maji nusu kichwani anajua maji yanavyokuvuta upande ule ule unaoinamia.

Dokimasta wetu, msimamizi wa gudi, alikuwa mzee wa Kibajuni, mfupi, filimbi shingoni. Dakika hizo aliitia mdomoni na asiipulize. Tezi ilipogusa ulisikia sauti ndogo tu, kama mlango wa jirani. Mbao zikalia. Baada ya muda omo nayo ikakaa, na mzee akaitoa filimbi mdomoni, akaifuta kwa kanzu, maana hakuvaa ovaroli hata siku moja.

Maji yakibaki ya magotini, vibarua tunashuka na ndoo. Samaki walioingia na meli hawana pa kwenda: changu, tewa, kaa, mara moja taa mkubwa kama sinia. Hiyo ni haki yetu na hakuna meneja aliyethubutu kuigusa.

Kisha unainua macho. Meli unayoiona bandarini imepakwa rangi na kupendeza, huku chini ni kichaka. Majani marefu ya kijani, na vidude vyenye magamba vinavyofanana na chaza vimeshikana tumbo zima, vingine juu ya vingine. Harufu yake ni ya mwamba wakati wa kupwa, mara 100. Kichaka hicho kinakwaruzana na maji safari nzima, na mwenye meli anakilipia kwa mafuta. Kinatakiwa kioshwe saa ile ile kwa jeti ya maji, kingali kibichi, kwa sababu jua likishakikausha kinakuwa saruji. Nimewahi kukwangua ubavu uliochelewa kuoshwa, na mabega yangu yalikumbuka wiki nzima.

Babu alikuwa na vita hiyo hiyo. Wao hupandisha jahazi maji yakijaa bamvua, yakipwa linabaki juu ya magogo. Wanakwangua, wanapitisha moto wa makuti ubaoni kuua wadudu wanaotoboa mbao, wanatia kalafati ya pamba kwenye nyufa, kisha wanasiliba deheni, shahamu iliyochanganywa na chokaa. Sehemu inayobaki juu ya maji wanapaka sifa, yale mafuta ya papa ambayo ukishayanusa huyasahau. Yote hayo wanakimbizana na maji, kwa sababu saa 6 zikiisha bahari inarudi.

Siku moja babu aliletwa Mombasa kwa ajili ya macho, nikaomba ruhusa akaja kutazama. Walimvika kofia ngumu juu ya ile ya mkono. Alisimama ukingoni muda mrefu, akaniuliza maji yameenda wapi.

"Yametolewa kwa pampu, babu."

"Pampu za nini? Yasingepwa wenyewe?"

Nikamweleza kwamba meli hukaa humu wiki mbili, tatu, na nyingine zaidi. Akatikisa kichwa. Tulipofika chini alikwenda moja kwa moja kwenye bloki, akaupapasa ule ubao laini wa juu, akaukwaruza kwa ukucha, akanusa. "Huu mmeuchagua vizuri," akasema. Mabamba ya chuma, kreni, pampu, hivyo hakuviuliza tena.

Deheni yetu sisi ni rangi. Chuma kwanza kinapigwa mchanga mpaka kitoe mng'ao wa kijivu, kinapakwa rangi ya kuzuia kutu kabla unyevu wa jioni haujakishika, na juu yake inakuja rangi ya sumu inayovizuia vile vidude vya magamba kupata makao, mara nyingi yenye shaba ndani. Zamani ilikuwepo kali zaidi, ya kemikali iliyotokana na bati. Ilifanya kazi ajabu. Tatizo ni kwamba haikubagua: Arcachon kule Ufaransa, wanakofuga chaza wa kuliwa, magamba ya chaza yalianza kuvimba na kupinda, mayai hayakukua, na Ufaransa ikaipiga marufuku kwa boti ndogo mwaka 1982. Mkataba wa dunia nzima ulipitishwa 2001 na kuanza kutumika 2008. Wachoraji wa zamani, ndivyo tulivyowaita wapaka rangi, waliisikitikia kama mtu aliyefiwa. Mimi niliyekuwa nikiivuta puani bila barakoa ya maana sikuisikitikia.

Usipake zinki. Hilo nalisema kwa sababu kila mwaka kuna mmoja anayepaka. Tumboni mwa meli, hasa karibu na propela na usukani, kuna vipande vya zinki vilivyochomelewa. Maji ya chumvi yanapotaka kula chuma hula zinki kwanza. Zinki iliyofanya kazi yake inatoka imeliwa kama sabuni ya mwisho wa mwezi, na hiyo ni habari njema. Ukiikuta bado nzima baada ya miaka miwili, uliza kulikoni, na kwa kawaida utagundua kuna mtu aliipitishia brashi apate kumaliza mapema aende nyumbani.

Unene wa mabamba hupimwa kwa kifaa kidogo cha mawimbi ya sauti. Mkaguzi anapaka jeli, anagusa, anasoma. Ni jeli kama ile ya kupimia wajawazito, na utani wake gudini hauandikiki hapa. Bamba lililoanza na milimita 12 likionyesha 11, sawa. Likishapoteza kama robo ya unene, linachorwa chaki pembe nne na kukatwa. Kijana anayeshika ndoo ya maji upande wa pili wa bamba linalokatwa ana kazi muhimu kuliko mkataji mwenyewe, kwa sababu cheche huangukia ndani ambako mkataji haoni.

Minyororo ya nanga nayo inashushwa yote sakafuni, inanyooshwa mistari mistari, kila kipande mita 27.5. Pingili zinapigwa nyundo na kusikilizwa, na iliyochakaa asilimia 12 ya unene wake haipandi tena. Propela inasuguliwa, usukani unatikiswa kuona kama umelegea. Hayo yana mafundi wake, mimi nilikuwa napita tu nikiwabebea chai.

Kitu ambacho ningependa kila kibarua akijue kabla ya yote ni tangi lililofungwa. Kutu ni chuma kinachokula hewa. Tangi likikaa limefungwa miezi, kutu ya kuta zake inaimaliza oksijeni iliyomo, wala hakuna harufu, hakuna moshi, hakuna dalili. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Kipimo kilichoshushwa kwa kamba ndani ya tangi la mbele la meli moja, mbele ya macho yangu, kilisoma 9. Tangi lilikuwa safi kabisa, unaona mpaka ngazi ya chini. Mtu angeshuka vipandio vinne na kulala, na mwenzake angemfuata kumwokoa akalala juu yake. Feni ilipuliza usiku kucha ndipo tukaingia.

Sasa pilau.

Vizibo vikishatolewa havizagai. Huwekwa kwenye sanduku, kila kimoja na kibati cha namba, na ofisa mkuu wa meli anakaa na ufunguo. Asubuhi ya kujaza gudi alinipa namba 7, meno yake yameshika uchafu, nikisafishe. Nikakitumbukiza kwenye kopo la Blue Band lenye mafuta ya taa, kiloweke, nikaliweka nyuma ya mapipa ya rangi. Ilikuwa Ijumaa. Tulipotoka msikitini kuna mwenzetu alikuwa ameozesha, kwao wakaleta sinia. Nikala, nikajilaza kivulini chini ya meli yenyewe, na namba 7 ikanitoka akilini kama haijapata kuwepo.

Mafundi wakafunga walivyopewa, wakasiliba saruji juu ya kila kichwa, wakapanda. Maji yalikuwa yajae saa 10 alasiri. Saa 8 na nusu dokimasta akashuka peke yake na tochi na kipande cha chaki, kama alivyofanya kwa kila meli, karatasi ziwe zimetiwa sahihi au hazijatiwa. Alitembea chini ya tumbo lile lote akiweka alama. Kisha tukamsikia kutoka kule chini:

"Kumi."

Hakupaza sauti. Akarudia kutoka upande wa pili, akitembea kinyume. "Kumi."

Ofisa mkuu alifungua sanduku mbele yetu, likawa tupu. Tukapangwa mstari, tukaulizwa. Na mimi, Mungu anisamehe, nilijibu kwamba sijui, na nilikuwa nasema kweli. Kichwani mwangu nilikuwa nimeshakirudisha. Walitafuta saa mbili. Hukuweza kutia kizibo chochote tu, meno yale ni ya meli ile. Alikipata mmoja wa wapaka rangi, aliyetaka mafuta ya taa aoshee brashi, kopo likamlia mkononi. Wakati huo bahari ilikuwa imeanza kupwa na rubani wa kuiongoza meli bandarini alikuwa ameshakwenda zake.

Sitaki kuikuza hadithi. Meli isingezama. Tangi moja lingejaa maji, meli ingenyanyuka kombo kutoka kwenye bloki, pengine ikaponda mbili tatu na kujikwaruza, na tungeitoa maji upya kwa gharama ya mtu. Lakini siku ya gudi ina bei, na mshahara wangu wa miaka miwili usingeilipa.

Dokimasta alikuja pale nilipokuwa nimesimama. Alinukia tangawizi.

"Kijana, pilau ilikuwa tamu?"

"Ilikuwa tamu, mzee."

"Basi tangu leo chaki ni yako. Mimi ntahesabu baada yako."

Nilihesabu kila meli iliyoingia kwa mwaka mzima, na yeye akahesabu nyuma yangu, na kila mara aliuliza idadi kabla sijaisema. Nilipompigia babu simu kumweleza, alinyamaza, kisha akaniuliza kama mwenye meli alinipiga. Nikasema hapana. "Mimi ningekupiga," akasema.

Kesho yake maji yalijaa karibu na saa 11. Gudi hujazwa kwa kusitasita: maji yakifika juu ya matundu ya bahari yanasimamishwa, na watu wanazunguka ndani ya meli kuangalia kila kilichofunguliwa. Mimi niliwekwa chumba cha mashine na tochi, nitazame valvu moja tu, mpya, kubwa kama sufuria ya arusi. Upande wa pili wa chuma nilisikia maji yakipanda. Tone moja likatokeza kwenye ukingo wa valvu, fundi akaikaza kwa spana robo mzunguko, likakatika. Akarudi kuketi na kikombe chake cha chai.

Mezani kwake kulikuwa na boliti imelala. Tulikaa labda dakika 20. Kisha boliti ikaanza kuviringika yenyewe, polepole, mpaka ukingoni mwa meza, ikasita, ikarudi ilikotoka.

"Inaelea," akasema fundi, akaishika boliti na kuitia mfukoni.